Kompyuta Nzito Isihukumiwe kabla ya Kuchunguzwa

Katika masomo ya ualimu tunafundishana kwamba mtoto anayechelewa darasani asihukumiwe kabla ya kujua kinachomchelewesha. Huenda haoni ubao. Huenda amekuja na njaa. Ni ajabu basi kwamba kanuni hii twaisahau tunapoketi mbele ya kompyuta mpakato ya bei nafuu. Ikiwa nzito, twasema imezeeka na hapana budi inunuliwe nyingine. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo hutolewa mapema mno, na hasara yake humwangukia mwalimu anayeanza kazi pamoja na wanafunzi wake.

Tuchukue mfano wa mwalimu atakayepangiwa shule ya machimboni, kama vile Nyarugusu katika Wilaya ya Geita. Ataandaa mitihani, atajumlisha alama, na atasaidia kutunza taarifa za wanafunzi katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Kompyuta inayochukua dakika kumi kuwaka humnyang'anya muda wa kusahihisha madaftari. Akikopa ili anunue mpya, atalipa deni kwa miezi mingi, na huenda ile ya zamani ilihitaji matibabu madogo tu.

Uchunguzi si mgumu. Katika kompyuta itumiayo Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litatokea jedwali linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyofanya kazi. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kujieleza.

Ikiwa kumbukumbu ya RAM inakaribia kujaa, mashine inafanana na fundi mwenye meza ndogo: kila akitaka kifaa, sharti akifuate stoo. Funga programu usizozitumia, na uzizuie zile zinazojiwasha zenyewe kila uwashapo mashine. Ikiwezekana, ongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8.

Ikiwa diski ndiyo inayoelemewa muda wote, tazama ni ya aina gani. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, nayo husoma kwa haraka zaidi. Kwa mashine nyingi kuukuu, hakuna badiliko moja lenye faida kuliko hili. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta za bei nafuu zina RAM na hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja na ubao wake, wala haibadilishiki. Uliza kwanza, ndipo ununue.

Sababu ya tatu yawahusu hasa watu wa machimboni. Makarasha yanaposaga mawe ya dhahabu, vumbi hutapakaa, na feni ya kompyuta hulivuta ndani. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, safisha matundu kwa brashi laini, na usiiweke juu ya godoro au kitambaa kinachoziba hewa. Isipotumika, ifunike.

Jihadhari pia na programu za bure zinazojigamba kuongeza kasi. Nyingi huongeza mzigo, na nyingine huleta virusi.

Zaidi ya hayo, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine isiyofikia masharti hayo si takataka. Lubuntu ni mfumo huria na mwepesi, na LibreOffice yatosha kwa kuandika mitihani na kujumlisha alama. Jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria kwa Kiswahili. Lakini kabla ya kubadilisha mfumo, nakili kazi zako zote mahali pengine.

Wapo wasemao kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Kulehemu ni kazi ya fundi, naam. Lakini kujua kinachougua ni wajibu wa mwenye chombo. Asiyejua hulipia kila anachoambiwa. Elimu ya Kujitegemea, aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, haikukusudia mwalimu awe mateka wa chombo chake mwenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila kikundi cha wanachuo kipewe kompyuta moja nzito. Wapime muda wa kuwaka kwake, wabadilishe jambo moja tu kwa wakati, wapime tena, kisha waandike matokeo. Atakayezoea kutafuta sababu kwa utaratibu huo hatakuwa mwepesi wa kumwita mtoto mjinga.