Jirani, Tununue Pamoja

Semina nyingi za kuweka akiba huanza kwa kutusema. Tunaambiwa tunapenda starehe, tunamaliza hela kwenye vocha na vitenge vya sare, ndiyo maana tarehe 20 haifiki kabla mifuko haijakauka. Mimi naishi Mbagala, na majirani zangu nawaona. Mama anayekaanga vitumbua tangu saa kumi alfajiri, baba anayebeba mizigo sokoni, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni: hawa wameshajibana, hawana tena pa kujibana. Kuwaambia waache starehe ni kuwaonea. Fedha yao inapotea, naam, lakini inapotea dukani, kwenye vipimo.

Tazama tunavyonunua. Mafuta ya kupima, sukari robo, unga nusu, kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche, mkaa wa kopo. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo ndivyo bei ya kilo inavyopanda. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi huenda akabeba kiroba cha unga cha kilo 25 na kila kilo ikamgharimu pungufu. Anayenunua nusu kila jioni, unga uleule wa kinu kilekile, hulipa zaidi. Wala si kwamba hajui hesabu. Kipato chake huja kwa siku, hela ya kula huachwa mezani asubuhi, na hela ya siku moja hununua chakula cha siku moja.

Simlaumu Mangi wa dukani. Naye analipa pango, unga unamwagika akipima, na daftari lake la madeni limejaa majina yetu. Siku mtoto anapoumwa usiku na hakuna hata mia ndani, ni yeye anayetukopesha sukari ya uji. Tuendelee kununua kwake tunavyovihitaji ghafla. Ninachosema ni kwamba vitu ambavyo kila nyumba ya mtaa huu itavila leo, kesho na keshokutwa, hatuna sababu ya kuvinunua kwa kijiko.

Tupige hesabu kwa mfano. Nyumba inanunua mafuta ya kupikia ya shilingi 1,000 kila jioni. Kwa siku 30 ni 30,000. Tuseme ingeyapata kwa bei ya dumu la lita 20, ikaokoa shilingi 200 katika kila 1,000. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi na 72,000 kwa mwaka, kwenye mafuta peke yake, bila mtu kupunguza hata tone kwenye sufuria. Ongeza unga, sukari, mchele na sabuni, kisha ufikirie mwezi wa Januari. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari bado vinamsubiri mzazi, na ndipo wengi wetu tunapokwenda kukopa.

Mikopo yenyewe tunaijua, na jina tumeipa wenyewe: kausha damu. Ukichukua 100,000 ukarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26, umerudisha 130,000. Ni riba ya asilimia 30 ndani ya mwezi ambao haujatimia, wakati Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Nimeona kina mama wakikesha nje ya nyumba zao kumkwepa mkusanyaji, na televisheni ikibebwa mchana kweupe watoto wakiangalia. Mara nyingi kilichomsukuma mama wa namna hiyo kukopa ni kiasi ambacho vipimo vya mwaka mzima vilishamlia.

Ndugu zangu, hela hatuna nyingi, lakini ujuzi wa kuzikusanya tunao, na tunao kuliko tunavyojisifu. Angalia harusi. Kijana akitangaza ndoa, ndani ya wiki moja kamati imeundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kila Jumapili watu wanakaa, ahadi zinasomwa kwa majina, wasiolipa wanapigiwa simu, na asiyekuwa na fedha taslimu anachangia kreti za soda. Watu wanaouza maandazi na kushona viatu wanakusanya mamilioni kwa miezi mitatu, na siku ikifika ukumbi umelipwa, chakula kipo, gari limepambwa. Kwenye msiba tuna kasi zaidi: kabla jeneza halijafika, turubai limesimama, sufuria ziko motoni na daftari la rambirambi limefunguliwa. Nani alitufundisha? Hakuna mwezeshaji aliyekuja na bango kitita. Hii ni akili ya uendeshaji ambayo makampuni hulipia, na sisi tunaitumia kwa siku moja, kisha tunatawanyika, na Jumatatu kila mmoja anakwenda peke yake kununua mafuta ya kupima.

Naomba tuihamishie jikoni. Kaya sita zikitoa shilingi 500 kila moja kwa siku, ni 3,000 kwa siku, na kwa siku 30 ni 90,000. Hiyo ni fedha ya kwenda nayo Tandika au Tandale kununua kwa bei ya jumla, na nauli ya bajaji ya kurudia ikigawanywa kwa sita haimuumizi mtu. Wengi wetu tumecheza upatu, tunamjua kijumbe na kazi yake, na tunajua pia upatu unavyovunjika: mmoja anapokea mchezo wake wa kwanza kisha hapokei tena simu. Kwa hiyo sizungumzii kuaminiana kwa macho tu. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviita vikoba vilirithi njia iliyoanzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Niger mwaka 1991, na kitu bora zaidi katika njia ile, kwa maoni yangu, ni sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, wala mwenye sanduku hana ufunguo. Hufunguliwa mbele ya wanachama wote tu, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mmoja huondoka akiwa na jumla ile kichwani. Fundi wa mtaani anaweza kulichomelea. Halihitaji mtandao, halina makato ya kutoa, na linamlinda hata mshika fedha asisingiziwe.

Kuna jambo jingine ambalo kununua pamoja kunalifungua, nalo ni msimu. Mchele hushuka bei mavuno yanapotoka mashambani katikati ya mwaka, na hupanda tena kuelekea miezi ya mwanzo wa mwaka. Sisi wa kununua kwa kilo tunaipanda bei hiyo hatua kwa hatua, hatuwezi kuikwepa. Kikundi chenye fedha mwezi Julai kinaweza. Lakini nafaka ya kuweka ina masharti, na hapa naomba tuwe makini kweli. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kabla ya kulipa, chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka, yaache hata kama bei inavutia. Yakiwa makavu, ile mifuko ya matabaka isiyopitisha hewa huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, bila dawa yoyote, mradi isifunguliwe ovyo. Maharage nayo yaloweke usiku kucha. Huiva upesi na kuokoa mkaa mwingi au gesi.

Umeme ni kesi ya pekee, kwa sababu hapo kuchangia ndiko kunakotugharimu. Mita ya matumizi madogo, ile ya D1, hulipiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi kwa uniti 75 za mwezi, na zikizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Vyumba vinane vikining'inia kwenye mita moja, nafuu hiyo haitufikii, tunabaki kugombana kuhusu pasi ya nani na birika la nani. Mwenye nyumba anayeweza kuweka mita zaidi ya moja atawaondolea wapangaji wake mzigo mkubwa, nami namwomba alifikirie.

Kwa akina baba nina neno. Vikundi vingi vya mtaani vimejaa wanawake, na mzee wa nyumba husikia habari za kikoba siku ya kuvunja tu, Desemba. Baba unayeacha hela ya kula kila asubuhi, wewe ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili. Ukiacha ya siku tatu kwa mara moja pale kazi inapokuwa imekubali, mkeo anapata nguvu ya kununua kwa namna tofauti kabisa. Kaa kwenye kikao. Sikia hesabu ikisomwa.

Kwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa nyumba kumi: mnazijua kaya zenu kwa majina, mnajua nani ana ndugu sokoni na nani ana mkokoteni. Kuwakutanisha watu sita hakuhitaji bajeti. Na kikundi kikikua mpaka kikaanza kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inakitaka kisajiliwe kama kikundi cha daraja la nne, usajili ambao hupitia halmashauri. Msaidieni mwanakikundi kufika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, asije akapoteza siku tatu za biashara akizungushwa madirishani.

Nawafikiria pia wale ambao 500 kwa siku hawana. Bibi anayelea wajukuu, mgonjwa, aliyeachwa na watoto wachanga. Msiwaache nje ya mlango. Mwenye 200 atoe 200, apimiwe cha 200, kwa bei ileile ya jumla mliyonunulia wote.

Basi wiki hii, bisha hodi kwenye milango mitano iliyo karibu na wako. Usianze na mipango ya miaka mitano wala katiba ya kurasa kumi. Kubalianeni siku ya kukaa, chagueni wa kuandika daftari na watatu wa kushika funguo, na anzeni na dumu moja la mafuta. Mafuta hayaharibiki upesi, kila nyumba inayatumia, na hupimika kwa lita mbele ya macho ya wote. Likiisha, kaeni mlinganishe mlichotumia na mlichokuwa mkitumia kwa Mangi, kisha mwamue wenyewe kama safari ijayo ni dumu la pili au kiroba cha unga.