Skrini ya mtumba ni aibu? Wapi!

Wadau, jana nimebishana na mwenzangu wa chumba mpaka saa sita usiku. Eti skrini ya pili ninunue mpya, ya mtumba ni aibu. Aibu gani? Mimi naandika andalio la somo huku, muhtasari uko wazi kule, basi! Monita ya ofisini ya inchi 19, pikseli 1280 kwa 1024, inatosha. Tena ni ndefu kwenda chini kuliko ile pana ya inchi hizo hizo, ukurasa unasomeka. Cha msingi iwashwe mbele yako. Ikiwa na tundu la VGA tu na kompyuta yako ina HDMI, nunua adapta ya kugeuza mawimbi, waya mtupu haufanyi kazi. Bumu ndilo chakula changu mpaka muhula uishe. Kwani sifa zinaliwa, jamani?