SEHEMU YA 4: Bando la mama si la matangazo

Mama zangu, wadogo zangu, leo nagombana na simu.

Mwaka jana alikuja mama wa mimba ya miezi minane, uso umevimba, kichwa kinamuuma siku ya pili. Presha 170 kwa 110. Nikamuuliza, mbona umekaa nyumbani? Akanijibu: "Nesi, nilitafuta kwenye simu. Ikazunguka weee, yakaja matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, video ikaanza yenyewe, bando likaisha." Alhamdulillah, yeye na mtoto wazima.

Mtandao haukuanza hivi. Tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu. Na sisi tuliolipia nusu saa intaneti kafe tunakumbuka: ukurasa mweupe, maandishi meusi, unasoma, unaondoka na jibu lako.

Mtasema nesi anaturudisha nyuma. Kweli, kurasa zile hazikuwa nzuri kwa macho. Na asiyejua kusoma video inamsaidia, sikatai. Ila video iwe ya anayeitaka, isiwe geti la kupitia kila mtu. Wa Songosongo mwenye bando la mia tano naye ni mama.

Na inawezekana, tulishaona. Mwaka 2012 ilikuja kampeni ya Wazazi Nipendeni: ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001, bure, ushauri wa mimba ulikuwa unakujia hata kwenye kitochi. Maneno matupu, na yalifika.

Haya someni:
- Kutokwa damu ukeni
- Kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe
- Uso na mikono kuvimba
- Degedege
- Homa kali
- Maji kutoka kabla ya uchungu
- Mtoto kupunguza au kuacha kucheza

Hizo ni dalili za hatari kwa mjamzito. Maneno yote hayo hayajafika KB 1. Dakika moja ya video inakula MB kadhaa, na MB moja ni KB elfu moja! Sasa nyie mnaotengeneza kurasa za afya, mnashindwa nini kuanza na maandishi?

Mama, nakili orodha hiyo kwenye karatasi, bandika ukutani. Ukiona hata dalili moja, usiingie mtandaoni kutafuta. Panda bodaboda, panda boti, njoo hospitali. Hata usiku, njoo.

Sehemu ya 5 kesho: mtoto anayeharisha.