Ufa mdogo ulivyoangamiza watu 123 baharini

MTAMBO wa Alexander L. Kielland ulipopinduka katika Bahari ya Kaskazini mnamo Machi 27, 1980, watu 123 kati ya 212 waliokuwemo walifariki. Dhoruba ilikuwa kali. Hata hivyo, tume ya uchunguzi ya Norway ilibaini kuwa mawimbi yalikamilisha tu kazi iliyoanzishwa na ufa.

Ufa huo ulianzia pale kishikilio cha kifaa cha kunasa sauti majini kilipochomelewa vibaya kwenye mojawapo ya mabomba ya chuma yaliyoushikilia mguu wa mtambo. Rangi iliyopatikana ndani yake ilidhihirisha kwamba sehemu ya ufa ilikuwepo tangu kiwandani. Bomba hilo lilipokatika, mengine matano yalielemewa, mguu ukang'oka.

Kuwepo kwa ufa pekee si hoja, kwani viungo vingi vilivyochomelewa huwa na kasoro. Hoja ni iwapo utakua. Wahandisi hupima urefu wa ufa, mkazo unaouvuta na uwezo wa chuma kuhimili mpasuko. Kwa kawaida, mabadiliko ya mkazo yakiongezeka maradufu, kasi ya ufa huongezeka takriban mara nane. Hesabu hiyo ndiyo huamua iwapo kiungo kitakarabatiwa mara moja au kitakaguliwa tena baadaye.

Lakini hesabu haimfai asiyekagua. Kishikilio kile kilidharauliwa kwa kuwa hakikubeba uzito wa mtambo. Usipoziba ufa, wahenga walionya, utajenga ukuta. Kwa familia za watu hao 123, hapakuwa na ukuta wa kujengwa upya.