TUVUKE BAHARI TUKISEMA

Katika kundi letu dogo la warusha ndege wa kompyuta kumezuka ubishi ambao ningependa tuumalize hapa. Swali ni hili: mtu anayevuka bahari katika mchezo huo atoe ripoti zake kwa sauti, au atume tu maandishi? Wengi husema, "Aah, bonyeza umalize." Mimi nasema la.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajaketi nasi. Katika VATSIM, mtandao ulioanzishwa mwaka 2001, watu wa nchi mbalimbali hurusha ndege za kompyuta katika anga moja, na wengine huwa waongozaji. Karibu na nchi kavu mambo ni rahisi: mwongozaji anakuona kwa rada na mnaongea kwa redio ya VHF. Lakini mawimbi ya VHF huenda kwa mstari ulionyooka, nayo dunia ni mviringo. Hata ndege iliyo juu kabisa husikika kiasi cha maili 200 za baharini tu kutoka kituoni. Ukitoka Ireland kuelekea Kanada, punde si punde umebaki peke yako, maji chini, mbingu juu.

Hapo ndege za kweli hushika redio ya HF. Mawimbi yake hupiga tabaka la ionosfia huko juu na kurudi chini mbali sana. Kelele zake, jameni, ni kama mandazi yakikaangwa! Tena ukiita Shanwick, anayekujibu si mwongozaji mwenyewe. Ni opereta aliyeko Ireland, ambaye huupeleka ujumbe wako kwa waongozaji walioko Prestwick, Uskoti. Kwa kuwa ujumbe unapita mikononi mwa watu, una mpango wake: jina la ndege, mahali ulipo, saa, kimo, mahali pa pili na saa utakayofika, kisha mahali pa tatu. Opereta huurudia wote. Kama kuna kosa, lake au lako, hapo ndipo linaponaswa.

Sasa sikieni kisa changu. Likizo ya Aprili nilikuwa nikitoka London kwenda New York kwenye kompyuta ya binamu yangu. Nilipofika nyuzi 50 kaskazini na 20 magharibi, nikatazama saa ya ukutani, nikasema kwa ujasiri: 1514. Bwana wa Shanwick wa mtandaoni akairudia ripoti polepole, halafu akaniomba nithibitishe saa. Moyo paa! Marubani hutumia saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Ilikuwa 1214. Pasipo rada, waongozaji hutenganisha ndege kwa saa hizo hizo wanazoambiwa. Saa ya uongo yaweza kuzileta ndege mbili mahali pamoja.

Najua mwenzangu mmoja atanijibu: "Siku hizi ndege za kweli zenyewe hutuma maandishi ya CPDLC, nayo ADS-C hutangaza mahali zilipo bila rubani kugusa kitu." Kweli kabisa, sibishi. Mashine isingekosea saa kama mimi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini vyombo hivyo ni lazima kwa ndege nyingi zinazoruka kati ya futi 29,000 na 41,000. Lakini ndege hizo bado hubeba HF, na marubani huijaribu kengele ya SELCAL, yenye herufi zake 4, ili wajue kwamba wataitwa hata vyombo vingine vikinyamaza. Ikiwa wenye kazi yao hawajaitupa sauti, sisi wanafunzi tunaitupa kwa nini?

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatubonyezi kwa kupenda teknolojia, tunabonyeza kwa haya. Tunaogopa Kiingereza chetu kitachekwa na watu wa ng'ambo. Hata mimi naogopa. Lakini ripoti ya baharini ndiyo inayomfaa mwenye haya kuliko zote: maneno yamepangwa tayari, unaweza kuyaandika kwenye karatasi kabla ya kusema, na hakuna atakayekuuliza habari za nyumbani. Siku ile, baada ya aibu yangu, nilifika nyuzi 30 magharibi saa 1304. Sauti ilitetemeka, lakini saa ilikuwa sahihi, na yule bwana aliirudia bila swali lolote. Nilijiona mtu!

Sisemi asiyesikia vizuri au asiyeweza kusema afungiwe mlango. Mtandao wenyewe unaruhusu maandishi, na hiyo ni haki yake. Ninachopendekeza ni hiki: kila mwanachama mpya mwenye uwezo wa kusema avuke bahari mara ya kwanza kwa sauti, mmoja wetu akiwa kando yake na karatasi. Safari ya pili achague mwenyewe. Akichagua kubonyeza, vyema, mradi tu awe anachagua wala hakimbii.

Kukosea hewani si aibu. Mimi nilikosea kwa saa 3 nzima, na bado nilifika New York.