Serikali Ikishindwa Kesi, Nani Ataitoza?

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea wavulana wakiwa ndani. Waliokufa ni 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wengi wao walizikwa katika kaburi la pamoja humo humo shuleni. Wazazi walienda kortini, na mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ya Machakos ilipoamua walipwe fidia. Mtoto aliyezaliwa wiki ya mkasa alikuwa amefika sekondari siku hukumu iliposomwa.

Wapo wanaosema kudai fidia ni kula pesa za marehemu. Maneno hayo yamewanyamazisha wajane na wazazi wengi, nami nayapinga. Fidia haiweki bei kwa mtu. Inamtaka aliyesababisha kifo abebe mzigo ambao vinginevyo utabebwa na mama anayeuza mboga Kangundo. Mahakama ya Rufaa ililiona hilo tangu 1986, ilipokubali kwamba nchini Kenya wazazi hutarajia msaada wa watoto wao, kwa hiyo hata kifo cha mwanafunzi asiye na mshahara ni hasara inayodaiwa.

Kikwazo cha kwanza ni muda. Sheria ya ajali za vifo inatoa miaka 3 kuanzia siku ya kifo, na kwa madai mengi ya uzembe dhidi ya serikali muda ni miezi 12 tu. Miezi hiyo inakwisha familia ikiwa bado inalipa deni la mochari na la matanga. Tena huwezi kushtaki kwa niaba ya marehemu kabla ya korti kukupa idhini ya kusimamia mali yake, na idhini hiyo inadai barua ya chifu na cheti cha kifo. Ikiwa ni ajali ya barabarani, pale Kyumbi au Mlolongo kwa mfano, ongeza abstrakti ya polisi. Ndugu wakianza kugombana ni nani awe msimamizi, mwaka mzima umepotea. Inafaa watu waambiwe kwamba kuna idhini ya muda, inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, ili madai yasingoje mgogoro wa shamba uishe. Risiti nazo zitunzwe, ingawa mahakama zetu zimekwisha kukubali kwamba mfiwa hawezi kulaumiwa kwa kukosa risiti ya kila gharama ya mazishi, na hutoa kiasi cha wastani.

Lakini kikwazo kinachoniudhi zaidi kinakuja baada ya ushindi. Ukimshinda mwenye matatu asilipe, dalali wa mahakama atakamata gari lake. Ukiishinda serikali, kifungu cha 21 cha sheria ya kesi dhidi ya serikali kinakataza mali yake isikamatwe. Utaomba cheti cha amri ya korti, ukipeleke kwa wizara. Wizara ikinyamaza, unafungua kesi nyingine ya kuomba afisa wake anayewajibika kwa fedha aamrishwe kulipa. Akikaidi, unarudi tena kumshtaki kwa kudharau korti. Wakili anadai ada kila hatua, na mzazi anazidi kuzeeka.

Kinga hiyo ina sababu yake: hakuna anayetaka vitanda vya hospitali ya Machakos vipigwe mnada. Ila sababu hiyo inalinda vitanda, hailindi ucheleweshaji. Bunge linaweza kuacha mali ya umma salama na bado likatenga fungu la bajeti kila mwaka kwa hukumu za vifo pekee, zilipwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo, riba ipande na afisa aliyekalia faili akatwe mshahara wake. Wabunge wa Machakos ndio wanaopaswa kuupeleka mswada huo, kwa kuwa wapiga kura wao walizika wana 67 kwa mkasa mmoja.