Mwuza Nyama na Jina Lake

Mwezi huu yafaa tumkumbuke mgeni mmoja, mwuza nyama, ambaye aliwaachia watoto wake kazi iliyowalisha wao na kulisha watu wengi. Hapa Majengo, katika mji wa Dodoma, wamo wengi waliotoka mbali wakaanza na meza ndogo sokoni. Kwa hiyo habari zake zatuhusu.

Jina lake ni Oscar Mayer. Alizaliwa mwaka 1859 katika kijiji cha Kösingen, Ujerumani. Mwaka 1873, alipokuwa na miaka 14, alivuka bahari akafika Detroit, Marekani, akawekwa katika duka la nyama ajifunze kazi. Baada ya miaka mitatu akahamia Chicago, mji uliosifika kwa machinjio yake, akafanya kazi ya mshahara chini ya mabwana wengine.

Mwaka 1883 akapanga duka pamoja na nduguye Gottfried, aliyekuwa amejifunza huko Nuremberg kutengeneza soseji na kuhifadhi nyama ya nguruwe. Kisha ndugu yao Max akaja kushika vitabu vya hesabu. Mmoja auza, mmoja atengeneza, mmoja aandika: ndivyo kazi ya jamaa isimamavyo.

Wateja wakazidi. Mwenye duka alipoona faida ile, akaitamani. Mwaka 1888 akakataa kuwapangisha tena. Ndugu hao wakakopa dola 10,000, wakajenga duka lao wenyewe karibu na lile la kwanza, na wateja wakawafuata. Maana kuta ni mali ya mwenye nyumba, bali mnunuzi humfuata mtu anayemwamini.

Lakini jambo tutakalo hasa mlishike ni hili. Soseji ni nyama iliyosagwa; jicho haliwezi kujua kilichomo ndani. Zamani zile nyama nyingi iliuzwa pasipo jina wala alama, hata mwenye kuugua hakujua amlaumu nani. Mayer na nduguze walianza mwaka 1904 kuitia nyama yao alama, na mwaka 1929 soseji zao zikafungwa ukanda wa karatasi ya manjano wenye jina lao. Atiaye jina lake juu ya kazi yake amejifunga mwenyewe.

Tena, mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa kitabu kilichofunua uchafu wa machinjio ya Chicago. Watu wakachukizwa, na mwaka ule ule serikali ikaweka sheria ya kukagua nyama. Kampuni ya akina Mayer ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kujitolea kukaguliwa. Asiye na la kuficha hufungua mlango kabla hajabishiwa hodi.

Mwaka 1928 mwanawe, Oscar G. Mayer, alishika uongozi. Mzee alifariki mwaka 1955, mwenye miaka 95. Mwaka 1981 kampuni ilinunuliwa na General Foods, ikatoka mikononi mwa jamaa. Lakini jina la kijana yule mgeni lingali juu ya vifurushi.

Basi, enyi wazazi, mtoto mnayemtuma sokoni mfundisheni kutafuta mhuri wa mkaguzi juu ya nyama na kuisoma mizani kwa macho yake mwenyewe. Nyama isiyokaguliwa yaweza kuwa rahisi leo, na kesho ikawapeleka watoto hospitali. Enyi walimu, wapeni wanafunzi hesabu za kilo na bei, ili asiwepo wa kuwadanganya. Na wewe kijana unayetaka kufungua bucha, andika jina lako mlangoni, kisha uishi kama mtu asiyetaka jina hilo lifutwe. Ng'ombe huisha, jina jema hurithiwa.